Ncha ya Kitenge cha Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Murungu, hakuna mtu aliyeingia Rwamizi bila bibi yangu kutangulia. Rwamizi ni bwawa, ingawa sisi wenyewe hupenda kulikuza tukaliita ziwa. Mto unaoshuka kwenda Malagarasi hufurika wakati wa masika, ukapanda hadi kwenye mafunjo, na unaporudi nyuma huyaacha maji yake pale, meusi na matulivu, pamoja na samaki walioingia kuzaa. Tangu hapo hadi mwisho wa kiangazi bwawa lilikuwa limefungwa. Hapakuwa na kamba wala kibao. Lilifungwa kwa maneno tu, na maneno hayo yalinitosha mimi kwenda chooni mchana kweupe nikigeuka nyuma kila hatua.

Walisema Rwamizi lina mwenyewe. Ni kambare mzee mwenye ndevu nyeupe na mdomo wa kumeza mbuzi. Wengine walisema si samaki kabisa, ila huvaa umbo hilo ili asitushtue. Ahsante sana, mimi alikuwa ameshanishtua. Mwenyewe hapendi sabuni, hapendi sufuria lenye masizi kuchotea maji yake, na zaidi ya yote hapendi utupa. Utupa tunaupanda pembeni mwa mashamba kufukuza fuko. Ukiuponda majani yake ukayakamulia majini, samaki hulewa wakaelea juu, wakubwa kwa wadogo, unawaokota kama maembe.

Nyumba iliyotia utupa ilikuwa haisalimiwi. Kwa asiyetujua Waha, hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Sisi ni watu wa kusimama njiani, kuinama, kupiga makofi taratibu na kuulizana habari za kila kiumbe cha nyumbani hadi mbuzi. Mtu asiyesalimiwa kwetu ni maiti inayotembea.

Lakini lililoniingia mifupani ni hili: maji yakichafuliwa, mwenyewe hahangaiki kumtafuta mkosaji. Humshika anayetangulia. Maana siku ya kufungua, anayetangulia ndiye anayesimama mbele yake na kumwambia kwamba maji ni safi. Akiwa amesema uongo, hata kwa kutojua, anazama yeye, pamoja na yule aliyeshika nguo yake.

Anayetangulia alikuwa Bibi. Watu walimwita Mama Bukuru, kwa sababu uzao wake wa kwanza ulikuwa mapacha: Bukuru, baba yangu, na Butoyi, baba yangu mdogo. Baba na mama walikuwa Uvinza kikazi, mimi nikaachwa kwa Bibi nimsaidie kuchota maji na kumtia wasiwasi. Na aliyeshika nguo yake nilikuwa mimi. Desturi ilitaka mtoto wa nyumba ile aingie nyuma yake, ameshika ncha ya kitenge, ajifunze. Nilikuwa nimeshika mara mbili, miaka miwili mfululizo, na kila mara nilijikojolea kidogo ndani ya maji. Sikumwambia mtu. Maji hayasemi.

Bibi alinifundisha njia. Kufika Rwamizi ni lazima upite kwenye mafunjo, na mafunjo yale yana sehemu zinazoelea. "Kanyaga penye mizizi," alikuwa akisema. "Ukiona majani yamependeza sana, mabichi sana, usiweke mguu. Hapo hapana chini." Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua njia ambayo wanaume wengi pale kijijini hawakuijua. Jamani, kitu hicho kilinivimbisha kichwa.

Basi siku moja, zikiwa zimebaki siku sita bwawa lifunguliwe, Bibi aliondoka alfajiri kwenda kwenye kilio kijiji cha jirani. Haukupita muda, baba mdogo Butoyi akaingia uani na baiskeli yake kutoka Kasulu. Nilimpenda sana baba mdogo. Alikuwa mtu wa mjini, anauza dukani kwa mfanyabiashara mmoja, anaongea Kiswahili cha redioni, anacheka kabla hajamaliza kusema. Siku ile hakucheka sana.

"Vero, wewe si unaijua njia ya Rwamizi?"

"Limefungwa, baba mdogo."

"Nani kasema nalifungua? Natupa ndoano mbili tatu tu, basi. Wakwe zangu wanakuja kesho, nimeshawatambia kwamba kwetu samaki ni wa kuokota. Unataka niaibike?"

Akaniinamia, akapiga makofi taratibu kama anayemsalimia mtu mzima.

"Haya, mkubwa. Leo kiongozi ni wewe. Tangulia, mimi nakufuata."

Ningependa kusema alinilazimisha. Nimejaribu kulikumbuka hivyo kwa miaka mingi na imeshindikana. Nilitangulia kwa furaha. Nilimwonyesha pa kukanyaga, nikamkaripia alipokosea, naye akawa anaitika "sawa, mkubwa," na mimi nikatamani watu wote wa Murungu watuone.

Tulipofika, aliuweka chini mfuko wa salfeti aliokuwa ameubeba begani. Nilidhani una nyuzi na chambo. Ulikuwa umejaa majani yaliyopondwa, na ile harufu ikanipiga puani, harufu ya maharage mabichi yaliyosagwa.

"Baba mdogo, huo ni..."

"Kidogo tu, hapa kwenye kona. Hawafi hawa, wanalewa. Shika upande huu, tukamue."

Nikashika. Nikakamua. Maji ya kijani yakapita katikati ya vidole vyangu yakaingia Rwamizi, na kwa muda hakikutokea kitu, nikaanza kupata matumaini. Kisha akainuka kambare mmoja, akageuka tumbo juu, akapumua kwa mdomo. Akafuata mwingine. Halafu wakaja wadogo, waliozaliwa masika yale yale, wengi mno, wakatanda juu ya maji mpaka kona yote ikawa nyeupe. Baba mdogo aliokota wakubwa. Wadogo aliwaacha, wangemfaa nini? Mimi nilipiga magoti nikawa nayatikisa maji kwa mkono ili waamke. Nilikuwa nawaambia, "Amkeni, basi. Amkeni." Nikafuta machozi na kamasi kwa mikono ile ile.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyemwita mwenzake mkubwa. Nyumbani alifunga mfuko nyuma ya baiskeli, akaniangalia, akaangalia pembeni. "Usimwambie Bibi. Siri ya mtungi aijuaye kata, au siyo?" Akakanyaga pedali akaenda zake Kasulu. Mimi nikabaki na mikono yangu. Niliisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa majani ya mgomba. Midomo ilikuwa imekufa ganzi, naidonoa kwa kucha wala siisikii, nikaamini mwenyewe ameshaanza kunila kuanzia mdomoni.

Bibi alirudi jioni. Alichoka, lakini alikoroga uji wa ulezi, akanimiminia kikombe changu cha bati, akajimiminia na wake. Mimi nilitaka mambo yaende kama siku zote, kwa hiyo nikaunyanyua nikaunywa mkupuo mmoja hadi chini.

Bibi akaniangalia. "Umepoa?"

"Umepoa, Bibi."

Akaonja wake. Ulimi ukamuungua, akakiweka kikombe chini haraka. Baadaye kidogo akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaisogeza karibu na uso wake kama anayetafuta funza, akaiachia. "Nenda kalale," akasema. Nikashukuru kwamba macho yake yamezeeka.

Hapo zikaanza siku sita ambazo sitaki mtoto yeyote azipitie. Hesabu niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa fupi: Jumatano Bibi ataingia majini, atamwambia mwenyewe kwamba maji ni safi, na mwenyewe atamshika. Bibi atakufa, na aliyemuua ni mimi. Nikisema, nyumba yetu haitasalimiwa tena, na baba mdogo atapoteza mchumba wake, na Bibi atajua mimi ni mtu wa namna gani. Nikinyamaza, Bibi anazama. Nilikuwa nawaza hayo nikichota maji, nikifagia, nikiwa darasani; mwalimu akiniuliza saba mara nane namjibu Jumatano.

Nikajaribu ujanja. Nilichukua kikapu chake cha kuvulia, vile vikapu vya vijiti vilivyo wazi juu na chini, ambavyo unavichomeka kwenye tope kisha unaingiza mkono kumpapasa samaki aliyenaswa ndani. Nikakificha migombani. Kesho yake nikakikuta kimeanikwa juani, kimefungwa nyuzi mpya. "Kikapu hiki kimejifunza kutembea," Bibi akasema, akaendelea kuchambua maharage. Nikajifanya naumwa tumbo, nikidhani hatamwacha mgonjwa peke yake. Akaninywesha majani machungu, machungu kuliko dhambi yenyewe, na nikapona papo hapo. Akipiga chafya moyo unanipasuka. Akichelewa kuamka nasogea kumtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

Na kila siku aliniuliza swali moja, njiani kisimani au jikoni, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Vero, una neno?"

"Sina, Bibi."

Aliniuliza hata asubuhi ya Jumatano, akijifunga kitenge. Nilifungua mdomo. Niliona kabisa maneno yamekaa ulimini. Jirani akapiga hodi, amekuja na kikapu chake, na mimi nikayameza.

Wanawake walikuwa wengi ukingoni, wanacheka, wanataniana nani mwaka jana alishika chura akapiga vigelegele. Alikuwepo pia mteko, yaani mzee wa mila anayesimamia ardhi na maji ya pale kwetu, amekaa kwenye kigoda chake. Bibi alivua ndala. Akayainamia maji, akapiga makofi taratibu. "Mwakeye," akaliamkia bwawa, kama unavyomwamkia jirani. "Mwakeye, mwenye maji."

Nilishika ncha ya kitenge. Nilikuwa nimeshaamua, watoto nao huamua mambo yao. Kama ni kuzama tuzame wote, na huko chini nitamwambia mwenyewe kwamba ni mimi, amwachie Bibi.

Bibi akageuka. Akaivuta ile ncha kutoka mkononi mwangu, taratibu, kidole baada ya kidole, akaichomeka kiunoni kwake.

"Leo baki," akasema.

"Bibi..."

"Baki hapo ukingoni. Usiguse maji."

Wanawake wakatazamana. Haikuwahi kutokea anayetangulia akaingia bila mtoto. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya hofu ile yote nilichokisikia kwanza ni aibu: amenikataa mbele za watu.

Akaingia. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Siku zote aliishia kifuani. Siku ile aliendelea kwenda mpaka yakamfika shingoni, akasimama ameyafumba macho. Kisha kichwa kikapotea.

"Bibi! Toka! Bibi, toka!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, nikarusha mguu kuelekea majini, mama mmoja akanidaka kwapani akaninyanyua juu. Ilikuwa kitambo cha kuvuta pumzi mara mbili au tatu. Mimi nilizeeka hapo.

Akaibuka. Majani ya maji yamemkaa kichwani, anakohoa, anapangusa macho. "Tope limenitelezesha," akasema. Watu wakacheka kicheko kile cha kujitoa hofu. Akawaita, "Ingieni."

Wakaingia na vikapu vyao kwa mstari mmoja kama ilivyokuwa desturi. Walichomeka, wakapapasa, wakatoa mikono mitupu. Wakachomeka tena. Kicheko kikapungua hadi kikaisha. Kwenye ile kona mtu akakanyaga tope akainua mguu akaziba pua; wale wadogo walikuwa wameozea chini. Waliopata, walipata samaki mmoja, wawili. Wakamgeukia mteko, na mteko akamgeukia Bibi, aliyekuwa bado amelowa.

"Mama Bukuru. Kuna neno nyumbani kwako?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Bibi hakunitazama hata kidogo.

"Kama neno lipo, ni langu," akajibu. "Mkono wangu umezeeka, maji hayanisikii tena."

Hawakuacha kumsalimia, kwa kuwa hakuna aliyesema utupa. Lakini mwaka uliofuata alitangulia mama mwingine. Bibi hakuitwa. Siku ya kufungua alianika maharage kwenye jamvi uani, mimi nikimsaidia, na vigelegele vilipopanda kutoka bondeni aliinua kichwa, akasikiliza, akakiinamisha tena. Mwaka wa tatu vigelegele havikupanda. Aliwahi kusema zamani kwamba Rwamizi likiumizwa haliponi haraka, na ikawa hivyo hivyo; waliokufa pale konani ndio wangekuwa wazazi. Murungu ikaanza kula dagaa wakavu wa kununua. Baba mdogo alioa, ana wajukuu sasa, anauza vipuri vya baiskeli Kasulu. Nikilitaja lile bwawa mbele yake anakumbuka kwamba kuna mteja anamsubiri.

Nilikaa na neno lile mpaka kidato cha pili. Nilikuja likizo nikamkuta Bibi amekonda, amekaa mlangoni anabangua karanga. Nikakaa chini, nikachukua konzi moja nikabangua naye, na lile neno likatoka lenyewe bila utangulizi.

"Bibi, Rwamizi ilikuwa ni mimi. Mimi na baba mdogo."

Hakusimamisha vidole. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Mtoto anayekunywa uji wa moto bila kupuliza, midomo yake imeshika utupa. Na mikono yako ilikuwa inanuka. Ningekosaje kujua?"

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Alijua tangu jioni ile ile. Siku zote sita alikuwa anajua, akiniuliza kama nina neno.

"Sasa mbona uliingia? Ulijua maji yamechafuliwa. Mbona uliingia, Bibi?"

Hapo ndipo alipoacha karanga. Akanishangaa, akaniangalia kwa ile huruma anayoangaliwa nayo mtu mzima aliyeshindwa hesabu ya mtoto.

"Siku ilikuwa imefika, lazima mtu atangulie," akasema. "Ningemwingiza nani? Wewe?"

Bibi alifariki kitandani kwake, kwa uzee, wala si kwa maji. Rwamizi lilikaa limefungwa kabisa kwa miaka kadhaa, na samaki wakarudi kidogo kidogo kila mto ulipofurika. Siku hizi kijiji kina kamati ya kulilinda, kuna kibao, kuna faini, na wageni wanashuka kutoka Kibondo mjini, walimu, wafanyakazi wa kambi ya wakimbizi, vijana wenye ndoano za kisasa na simu za kupigia picha. Mimi ndiye ninayewaongoza. Nawaonyesha pa kukanyaga. Wadogo tunawarudisha, sabuni hairuhusiwi, na samaki wa kwanza ni wa mwenyewe, hata akiwa mkubwa namna gani. Vijana hunitania, "Dada Vero, huyo kambare wako ana namba ya simu?" Nacheka nao. Kabla hatujaanza nampa kila mmoja mkono, nauvuta karibu, naushika kwa muda. Wanadhani ni ukarimu wa Waha. Nanusa.

Wengine huniuliza, wakiwa wameacha utani, kama kweli naamini lina mwenyewe. Huwa nawaambia mimi ni mtu wa wasiwasi, wasiniulize. Kusema kweli sijui. Nimesimama kwenye maji yale miaka mingi na sijagusa ndevu za mtu. Lakini Bibi hakuwa na "sijui." Kwake kambare yule alikuwepo chini pale, amefumbua mdomo, anamsubiri mwongo. Hivyo ndivyo alivyoamini alipopiga makofi akamwamkia. Hivyo ndivyo alivyoamini alipoingia hadi shingoni, peke yake, ameichomeka ncha ya kitenge kiunoni ili huko chini isikutwe na mkono wa mtoto.

Binti yangu ana miaka kumi sasa. Siku ya kufungua sasa natangulia mimi, naye kila mwaka anashika ncha ya kitenge changu, najua na yeye anajikojolea. Asubuhi ya siku ile, kabla hatujashuka bondeni, namkorogea uji. Naumimina ukiwa wa moto sana, nakaa mbele yake, nangoja nimwone akipuliza.